Mkuu toa hilo jenereta gereji SASA HIVI, nyama tutaongea baadaye

Mleta mada simama hapo hapo. Umeandika uko Tampa, Florida, kimbunga Milton kimepita, umeme hamna siku ya pili, umeuliza kuhusu nyama kwenye friza, maji ya bomba, bima, na kama ni salama kukanyaga maji yaliyosimama kwenye parking. Vizuri. Halafu katikati hapo, kama mtu anayetaja rangi ya soksi, ukaandika "jenereta nimeliweka gereji, mlango nimeuacha nusu wazi kwa ajili ya wezi na mvua". Bro. Sijalala vizuri tangu Julai kwa sababu ya sentensi kama hiyo, na nimeona watu wanne hapo juu wamekujibu habari ya nyama na hakuna hata mmoja aliyeiona.

Lizime. Litoe nje, moshi wake unaua. Rudi usome.

Mimi nipo Houston. Kimbunga Beryl kilitupiga alfajiri ya Jumatatu tarehe 8 Julai 2024. Sisi wabongo wa huku tulikuwa tunaicheka, maana ilishakuwa kategori 5, ile ya juu kabisa, huko Karibiani, ikakivuruga kisiwa cha Carriacou vibaya, lakini inafika Texas ni kategori 1, tukasema aa hii imechoka, hii ni mvua ya masika tu. Na kweli upepo ulipita, bati halijatoka, mti wa jirani ukaanguka upande wa jirani, alhamdulillah. Saa nne asubuhi nilikuwa nje nimeshika chai napiga picha za matawi nawatumia watu Dar najifanya shujaa wa vita. Sikujua kwamba kimbunga chenyewe kinaondoka halafu ndo shida inakuja kukaa.

Umeme ulikatika kwa wateja zaidi ya milioni 2, na joto la Houston la Julai mnalijua, ule unyevu wake mwili unahisi nyuzi 38 na kupanda, usiku haushuki. Nyumbani tupo mimi, wife, watoto wawili, na mama mkwe ametoka Tanga kuja kuona mjukuu. Mama mkwe jamani. Mwenye mama mkwe ndani anaelewa, mtu huwezi kumwambia "mama tuvumilie joto", unaonekana umeshindwa kumtunza mwanae. Kwa hiyo Jumanne nikaendesha gari mpaka njia ya San Antonio huko, Houston yote majenereta yameisha, nikanunua la mkononi kwa jamaa mmoja, dola mia sita na hamsini, nikarudi nalo nimelifunga kamba kama mbuzi wa Idd.

Sasa hapa ndo nitamtaja mtu bila kumtaja jina. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna ndugu anajiita Injinia. Injinia wa nini hatujawahi kujua. Nikauliza grupuni, wakuu jenereta nalilaza wapi, nje naogopa litaibiwa na mvua inachungulia. Injinia akajibu kwa voisi ya dakika tatu, anasema weka gereji, mlango nyanyua mpaka usawa wa goti, weka na feni iwe inasukuma hewa nje, "mzunguko wa hewa ukiwepo huna shida, na kama kuna shida utasikia harufu". Watu wakaweka vidole gumba kumi na saba. Nilivihesabu baadaye, nikiwa kwenye benchi la emajensi sina cha kufanya.

Utasikia harufu! Mkuu hewa inayoua kwenye moshi wa jenereta inaitwa kabonimonoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Moshi unaounusa kwenye jenereta ni vitu vingine, hiyo inayoua inapita kimya. Na jenereta dogo moja tu linatoa hewa hiyo sawa na mamia ya magari kwa pamoja. Wewe ungeingiza mamia ya magari gereji ukayawasha halafu ukasema mlango uko nusu wazi?

Basi saa tatu usiku nikaliwasha. Gereji yetu imeshikana na nyumba, kuna mlango wa kuingilia jikoni. Waya wa ekstensheni nikaupitisha chini ya mlango huo, na kwa sababu ya waya mlango haukufunga vizuri, ukabaki na upenyo wa kidole kimoja. Kidole kimoja! Nikaona nitaziba na taulo, halafu nikasahau, maana AC ilishawaka na watoto wanashangilia. Tukafunga madirisha yote ili baridi isitoke, tukalala wote chumba cha watoto. Mama mkwe akachagua godoro la chini karibu na mlango ili akiamka kutawadha asitukanyage. Yaani yule mtu alichagua sehemu mbaya kuliko zote kwa sababu ya adabu.

Saa sita kichwa kikaanza kuniuma. Nikasema joto la mchana, sijanywa maji. Saa nane mtoto mdogo akatapika. Nikasema pilau, maana jioni tulikuwa tumekula pilau la juzi lililokuwa kwenye friji limekaa bila umeme (na hapa nakujibu swali lako la nyama: friji bila umeme ni masaa manne tu, friza iliyojaa bila kufunguliwa kama masaa 48, ikiwa nusu 24, ikizidi hapo tupa usionje). Nikamlaumu wife kimoyomoyo kwa pilau. Nikampa mtoto maji nikalala tena. Hapo ndo huwa najiona nikirudi kulala, narudi kulala kama zuzu.

Saa kumi kasoro nikasikia kishindo koridoni. Mama mkwe alikuwa ameamka kusali, miguu haikumbeba. Nimemkuta amekaa chini kaegemea ukuta, kanga imeanguka, ananiangalia ananiita jina la marehemu mumewe. Nikamuuliza mama vipi, akasema "kichwa mwanangu, kama kinapasuliwa kuni."

Sasa mnakumbuka vile vidude vya korona vya kubana kidoleni vinavyosoma oksijeni? Nilikuwa nacho. Nikakimbia nikakileta, nikambana kidoleni, kikasoma 98. Tisini na nane mkuu! Nikashusha pumzi, nikamwambia wife yuko vizuri, presha tu. Nikampiga picha kile kidude nikamtumia Injinia, saa kumi usiku, na yeye maskini alikuwa macho, akajibu "98 safi kabisa, mpe ORS."

Baadaye daktari ndo akanieleza kwa nini kile kidude kinadanganya. Hewa ile inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Ni kama abiria aliyekaa siti yako kwenye daladala, hashuki kituo chochote, wewe mwenye tiketi unaning'inia mlangoni. Na kidude cha kidoleni kinahesabu siti zilizojaa tu, hakijui aliyekaa ni nani. Kwa hiyo kinakwambia gari limejaa, safi, twende. Mtu anakufa na 98 kidoleni.

Aliyetuokoa ni wife. Alisimama pale mlangoni kashika kichwa, akasema maneno ambayo sitayasahau: "Mimi sikula pilau." Hakuwa amekula, alikuwa na kiungulia. Na kichwa kinamuuma. Na mkubwa kinamuuma. Watu watano, kichwa kimoja. Akafungua mlango wa mbele, akamburuta mama yake nje kwa makwapa, akaniambia lete watoto, akapiga 911, namba ya dharura ya huku. Mimi, mkiniuliza, nilikuwa nataka kwanza nikazime AC ili kuokoa mafuta. Ubongo ulishaanza kupika ugali.

Zimamoto walipofika, mmoja ana kamashine kadogo kameninginia kifuani, hajavuka hata kizingiti kakaanza kupiga kelele. Akarudi nyuma, akavaa mtungi wa hewa. Akauliza jenereta liko wapi. Nikamjibu kwa kujiamini, lipo gereji, lakini mlango uko wazi. Hakunijibu. Ile sura yake nimeiona mara nyingi nikifumba macho.

Na msiniambie "mimi nina alamu darini". Na mimi nilikuwa nayo. Kile kidude kinachopiga kelele ukikaanga samaki kilikaa kimya usiku mzima, kwa sababu kilikuwa cha moshi tu. Cha kabonimonoksaidi ni kingine, au kiwe kimeandikwa kwamba kinashika vyote viwili. Nimenunua viwili vya betri, hata dola 60 hazikufika. Bili ya hospitali na ambulensi za watu watano, mmoja mgeni mwenye bima ya safari ya kuunga unga, siiandiki hapa kuna wakwe wanasoma hili jukwaa. Nitailipa mpaka huyo mdogo aote ndevu.

Watoto walitoka jioni ileile baada ya kuvutishwa oksijeni kwa barakoa masaa kadhaa. Mama mkwe alikaa siku tatu. Na hapa sina utani. Yule mama alikuwa anafundisha wanawake Qur'ani pale mtaani kwao, kichwa chake ni daftari. Wiki tatu baadaye nikamkuta amesimama kwenye mswala adhuhuri, katikati ya sala, kanyamaza, halafu akageuka akamuuliza mjukuu wa miaka sita, "nipo rakaa ya ngapi?" Madaktari wanasema madhara ya hewa ile yanaweza kukurudia baada ya wiki kadhaa, kumbukumbu, mwendo, hasira. Anaendelea vizuri sasa, karudi Tanga, ila tiketi ilibidi tubadilishe mara mbili.

Injinia? Alikuja kutoa pole na kuku wawili na akasema "lakini mlango uliunyanyua mpaka goti kweli?" Nilitoka nje nikatembea. Bado yupo grupuni, juzi alikuwa anashauri mtu kuhusu breki.

Na siyo mimi peke yangu nisije nikaonekana natafuta huruma. Kimbunga Laura, Agosti 2020 kule Louisiana, watu walikuwa wanaogopa bahari kupanda, mwisho wa siku hewa ya majenereta ikaua wengi kuliko maji ya bahari. Kuna familia Lake Charles walikufa hivyohivyo, jenereta gereji, mlango wa kuingilia ndani haukufungika. Nilivyosoma ile habari niliangalia waya wangu wa ekstensheni nikautupa, waya mzima kabisa, wife akasema nimechanganyikiwa.

Wabongo wenzangu hii kitu tunaijua tangu zamani, tatizo tunaipa majina mengine. Njombe, Lushoto, msimu wa baridi, familia inaingiza jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa, asubuhi hawaamki. Mtaa unasema wamelogwa. Hewa ni ileile. Kwa hiyo kama unawaza "sawa nitazima jenereta nitaingiza jiko la mkaa ndani nichemshe maji", hapana, na lile la barbekyu hapana, na lile dogo la gesi la kambini hapana. Ukitaka kuchemsha, toka nje.

Kanuni yangu ni moja na nimeiandika kwa maka pen kwenye mlango wa gereji: JENERETA NI MBWA, LINALALA NJE. Siyo gereji, siyo gereji wazi yote, siyo baraza, siyo chini ya dirisha. Nje, futi 20 na zaidi kutoka ukutani, hiyo ni kama mita 6, bomba la moshi linaangalia barabarani siyo nyumbani, na mbali na dirisha la jirani pia maana naye ana mama mkwe. Feni haisaidii. Kufungua madirisha hakusaidii. Waziba kwa taulo na nyie acheni.

Wezi? Nyororo na kufuli, lifunge kwenye mti au kwenye ringi ya gari. Mvua? Kuna vibanda vyake vya turubai vinavyofunika juu pembeni wazi, ukikosa basi mvua ikinyesha unalizima mnapigwa joto, jasho la usiku mmoja linavumilika kwa mwenye afya (wenye wazee wagonjwa peleka kwenye vituo vya kupoza watu au wakalale kwa rafiki mwenye umeme, mnielewe). Likiibiwa limeibiwa. Mimi langu niliibiwa Agosti, nje, na nyororo yake, na nilicheka. Wife alishangaa nimesimama uani nacheka.

Na kama sasa hivi, wakati unasoma, kuna mtu humo ndani kichwa kinamuuma au anasikia kichefuchefu au amelala sana kuliko kawaida, usimpe panadol, usitafute kidude cha kidoleni, usimuulize Injinia wako. Wote nje kwanza, kisha 911, utaje jenereta kwenye sentensi ya kwanza.

Naona uko online toka saa ile na hujajibu. Piga picha ya jenereta likiwa uani uiweke hapa.