Silinda Moja Ikilala: Kwa Mafundi Mnaoanza

Wadogo zangu mnaoingia gereji mwaka huu, mkiletewa jenereta ya silinda mbili inayotetemeka, inayokula petroli na kushindwa mzigo, msikimbilie kabureta. Najua mnaanzia hapo kwa sababu ndiyo mliyozoea kuifungua kwenye bodaboda. Lakini nyingi ya injini hizi zina kabureta moja inayolisha pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa mzima na mwingine umelala, yaani hauwaki, kabureta si wa kwanza kushukiwa. Zipo zenye koo mbili, na hizo jeti moja, kale katundu ka kupitishia petroli, huweza kuziba, ila hata huko msianze nayo.

Uzuri wa injini hii ni kwamba silinda nzima iko palepale ikikuonyesha mwenzake alipaswa kuwaje. Kila kipimo pima pande zote mbili.

Kwanza ujue upande uliolala. Washa injini ikiwa ya baridi, iache kama dakika moja, kisha dondosha tone la maji kwenye bomba la ekzosi pale linapotokea kwenye silinda. Asubuhi ya Julai hapa Mafinga, vidole vikiwa vimekufa ganzi, utaona wazi: upande mzima tone linalia tss na kutoweka, upande uliolala linateleza taratibu mpaka chini.

Ukitaka uhakika, zima injini, toa kofia ya plagi moja, chomeka humo plagi ya akiba na uibane vizuri kwenye chuma cha injini, halafu washa. Usichomoe kofia injini ikiunguruma. Shoti yake ni kali, na koili, inayotengeneza moto wa plagi, isipokuwa na pa kuutupia inaweza kuungua. Ukiondoa upande mzima, injini inazima. Ukiondoa uliolala, mlio haubadiliki. Usiiache ikizunguka hivyo muda mrefu, petroli isiyoungua hujaa kwenye ekzosi na kulipuka.

Sasa fungua plagi zote mbili uzilaze pamoja kwenye kitambaa. Iliyolowa petroli maana yake mafuta yanafika ila hayawaki. Nyeusi yenye utelezi wa oili inakupeleka kwenye ringi za pistoni au valvu. Masizi makavu kwenye zote mbili yasikupoteze: Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani huku inamimina petroli kuzidi hewa. Badilisha plagi upande kwa upande. Ugonjwa ukihama nayo, umemaliza kazi.

Usipohama, angalia moto. Hapa nina jambo linaloniuma mpaka leo. Mzee mmoja kutoka kijiji cha huku Mufindi aliniletea jenereta ya karakana yake ya mbao. "Kamwene, fundi, nina oda ya milango." Nikaona upande mmoja hauna moto, nikamnunulisha koili mpya. Nikafunga, hali ikawa ileile. Siku ya tatu ndipo nilipofungua bati la feni na kukuta waya mwembamba wa kuzimia injini umechubuka, shaba inagusa chuma. Waya huo ukigusa bodi, koili inanyamaza. Kwenye injini ile kila koili ilikuwa na daiodi yake, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ndiyo maana upande wa pili uliendelea kuwaka. Nilimrudishia pesa ya koili, lakini oda ya milango ilikuwa imekwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo, kabla ya kumtuma mteja dukani, chomoa waya wa kuzimia kwenye koili ujaribu tena. Moto ukirudi, koili ni nzima. Tafuta mchubuko au daiodi iliyokufa. Ila kumbuka swichi haitazima tena upande huo, basi uwe tayari kufunga koki ya petroli.

Moto ukiwepo pande zote, pima kwa geji kompresheni, yaani nguvu ya silinda kukandamiza hewa. Toa plagi zote mbili, fungua akselareta mpaka mwisho. Namba yenyewe isikusumbue sana, maana nyingi ya injini hizi zina kifaa cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha. Linganisha pande mbili. Upande ulio chini mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi.

Lakini usivue hedi bado. Fungua kifuniko cha tapeti, ni bolti chache tu, uzungushe injini kwa mkono polepole. Mikono miwili ya valvu lazima icheze kwa zamu, kama ya upande mzima. Mmoja ukikaa kimya, chomoa fimbo inayousukuma uiviringishe juu ya kioo. Ikirukaruka badala ya kubingirika, imepinda.