Ajenti anamwambia mdogo wangu akatae ofa kwa sababu ni mchezaji huru. Tumsikilize?

SUALI: Assalamu alaykum, wakili. Naandika kutoka Wete, Pemba. Mdogo wangu ana miaka 23, urefu wake mita 2.03, anacheza mpira wa kikapu. Mkataba wake na klabu ya Dar es Salaam umekwisha na hajasaini kwengine. Klabu moja ya nchi jirani imemletea ofa ya maandishi: msimu mmoja, dola 900 kwa mwezi, nyumba na chakula, ajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Sasa kuna mtu amejuana naye kwa WhatsApp, anajiita ajenti wake. Anamwambia akatae, kwani mchezaji huru ndiye anayepanga bei. Asubiri, klabu zitamgombania, na hivyo ndivyo wanavyofanya wachezaji wa Marekani. Anataka pia dola 300 za kufungulia faili. Mama anasema asaini. Sisi ndugu tumegawanyika. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalamu. Mama yenu yuko karibu na ukweli kuliko huyo ajenti, ingawa nami sitaki kijana asaini karatasi hiyo kama ilivyo. Nitaifikia.

Kwanza hili la "mchezaji huru ndiye anayepanga bei". Kila usajili ukikaribia naletewa vijana waliolishwa maneno haya, wengine wakati ofa imeshapita na klabu imeshamchukua mtu mwengine. Mchezaji huru ni mtu asiye na mkataba, basi. Asiye na mkataba hana mshahara, hana nyumba, na akiteguka kifundo cha mguu akifanya mazoezi peke yake pale Gombani, matibabu ni juu ya familia. Uhuru huo unampa ruhusa ya kuzungumza na klabu yoyote. Haumpi klabu ya kuzungumza nayo.

Turufu ya kijana mezani ni ofa ya pili iliyoandikwa. Nenda mnada wa samaki Malindi, Unguja, asubuhi uone: changu hupanda bei kwa sababu wanunuzi wawili wanamtaka, na akibaki mnunuzi mmoja, mvuvi anajua kuwa jua linapanda. Huyo ajenti anataka mdogo wako amfukuze mnunuzi pekee aliyekuja, kisha akae na samaki wake kivulini akisubiri wa pili. Muulizeni suali moja: klabu ya pili ni ipi, na barua yake iko wapi? Akijibu "zipo nyingi, nazungumza nazo", mmeshapata jibu.

Na kwa vile ameitaja Marekani, twende Marekani. Mwaka 2021 iliripotiwa kwamba Dennis Schröder hakuikubali ofa ya Los Angeles Lakers ya takriban dola milioni 84 kwa miaka minne. Alitaka kufika sokoni akiwa huru. Akafika. Klabu zenye nafasi ya fedha zilikuwa zimeshachagua walinzi wao, Lakers nao wakageukia kwengine, akasaini Boston mwaka mmoja kwa dola milioni 5.9. Mwaka 2017 Nerlens Noel iliripotiwa alikuwa na takriban dola milioni 70 za miaka minne mbele yake kutoka Dallas. Akaishia kuchukua mwaka mmoja wa dola milioni 4.1, msimu huohuo akaumia kidole gumba, na baadaye akamshitaki aliyekuwa ajenti wake. Hao walikuwa wameshacheza ligi kubwa kuliko zote, majina yao yanajulikana kwa kila kocha, na bado soko halikuwasubiri.

Sababu yake haina siri. Katika NBA, ligi hiyo ya Marekani, kila timu ina ukomo wa mishahara. Kwa msimu wa 2025-26 ukomo huo ulikuwa dola milioni 154.6, na timu nyingi zinakuwa zimeshaupita kabla kipindi cha usajili hakijafunguliwa. Mchezaji anaweza kuwa na thamani ya milioni 30 machoni mwa kila mtu, lakini ikiwa timu inayomtaka haina nafasi, thamani hiyo haina mlipaji. Kiangazi cha 2025 karibu ni Brooklyn peke yao waliobaki na nafasi kubwa, na klabu zilizokuwa na wachezaji huru wenye masharti, yaani wale ambao klabu yao ina haki ya kulingana na ofa ya mwengine na kuwabakisha, zililiona hilo na zikatulia. Jonathan Kuminga wa Golden State alivutana nao mpaka mwisho wa Septemba, msimu uko mlangoni, ndipo akasaini miaka miwili, na mwaka wa pili ukabaki hiari ya klabu, si yake. Kipaji hakikupungua kati ya Juni na Septemba. Kilichokosekana ni mlipaji wa pili.

Najua mtaletewa mfano wa Jimmy Butler. Ni kweli: mwaka 2014 alikataa nyongeza ya mkataba ya Chicago, akacheza msimu wa aina yake, na 2015 akasaini miaka mitano kwa zaidi ya dola milioni 90. Lakini angalieni alikuwa amekaa wapi alipokataa. Alikuwa bado ana mwaka mmoja wa mkataba wake wa mwanzo, analipwa kama dola milioni 2, anacheza kila siku mbele ya macho ya waamuzi wa soko. Alisubiri akiwa kazini. Mdogo wako anaambiwa asubiri akiwa nyumbani Wete. Ajenti wa WhatsApp husimulia habari za Butler, habari za Noel hazijui au hazimfai.

Wapo pia wanaoniambia "mbona Hasheem Thabeet". Hasheem, Mtanzania mwenzetu, alichaguliwa namba 2 na Memphis katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, fahari yetu sote. Lakini mshahara wa mchezaji anayechaguliwa raundi ya kwanza hupangwa na jedwali la ligi kulingana na namba yake. Hakuna aliyekaa akavutana bei. Na Februari 2011 Memphis walimhamishia Houston, kama wanavyohamishwa wengi. Hata namba 2 wa NBA, miaka yake ya mwanzo, hashiki usukani.

Sasa mdogo wako. Turufu zake ni chache, tuzihesabu kwa haki: urefu, umri, na kwamba ofa ni ya maandishi. Dhidi yake kuna kitu ambacho wengi wetu hatukioni. Akivuka mpaka anakuwa mchezaji wa kigeni, na nafasi za wageni zina idadi. Msimu wa kwanza wa Basketball Africa League, ligi ya klabu za Afrika, Kigali 2021, kila timu ilitakiwa wageni wasizidi wanne, na kati ya hao wasiotoka Afrika wasizidi wawili. Maana yake kijana wa Pemba anagombania kiti kimoja na Msenegali, Mnigeria, Msudani Kusini na Mmarekani aliyekosa timu Ulaya. Meneja wa klabu hiyo ana orodha. Anayejibu kwanza na kwa adabu anapanda kwenye orodha.

Kwa hiyo dola 900 msizipiganie sana. Ombeni 1,000 mkitaka, bila ya kuweka sharti. Nguvu yenu ndogo itumieni kwenye vifungu, maana klabu inayobana fedha mara nyingi huachia vifungu kwa wepesi, haigharimiki leo. Hapa ndipo mtu huokoka au huzama.

Kifungu cha kuumia: akiumia mchezoni au mazoezini, mshahara unaendelea mpaka mwisho wa msimu na matibabu ni ya klabu. Bila ya hicho, dola 900 hizo ni za mguu mzima tu. Kipimo cha afya kifanyike siku za mwanzo baada ya kufika, na akishafaulu klabu isirudi tena mwezi wa tatu kusema goti lilikuwa bovu tangu zamani. Neno "uhakika" liandikwe: kwamba mkataba hauvunjwi kwa sababu ya kiwango cha uchezaji. Nimeona mikataba mingi ya kanda hii ambayo klabu inaweza kumuacha mtu kwa barua ya mstari mmoja, na mchezaji hawezi kuondoka hata akikosa mshahara miezi mitatu.

Hilo la kukosa mshahara pia liandikwe. Tarehe ya kulipwa iwe tarehe, si "kila mwezi". Zikipita siku kadhaa zilizotajwa bila ya malipo, ana haki ya kusimama mazoezi. Zikipita zaidi, ana haki ya kuondoka na bado anadai chake. Tiketi ya kurudi iandikwe kuwa ni ya klabu, kwa sababu yoyote mkataba utakavyokwisha. Na wekeni bei ya kujitoa: ikija klabu kubwa katikati ya msimu, alipe kiasi kilichotajwa na aende. Hicho ndicho kifungu cha mtu anayejiamini, wala hakimkoseshi mshahara.

Halafu kifungu cha usuluhishi. FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, wanayo mahakama ya usuluhishi ya mchezo huu, BAT, makao yake Geneva. Inaamua kwa haki na uadilifu bila ya kuzama kwenye sheria za nchi moja, na klabu isiyotekeleza uamuzi wake inaweza kufungiwa kusajili wachezaji. Lakini haisikilizi kesi kama mkataba haukuitaja. Kuna ada ya kufungulia shauri, na kwa mkataba wa msimu mmoja wa dola 900 itabidi mtu apige hesabu kabla ya kwenda huko. Hata hivyo klabu ikijua kifungu kipo, mishahara huwa inakumbukwa.

Jambo la kisheria dogo, ila limewaponza watu: ukijibu ofa kwa kubadilisha masharti, sheria ya mikataba huchukulia kwamba umeikataa na umeleta yako. Basi andikeni kwamba ofa imepokelewa kwa furaha na mnaomba ufafanuzi na nyongeza ya vifungu kadhaa. Muandike wiki hii, kwa barua pepe, si kwa sauti ya WhatsApp.

Barua ya kuruhusiwa kuhama isiwatie hofu. Inatolewa na shirikisho la taifa, na kwa FIBA shirikisho letu ni moja, TBF, awe mchezaji ametoka Tanga au Chake Chake. Mkataba wa Dar umekwisha, kwa hiyo klabu ile haina msingi wa kuizuia wala kuidai fedha. Akija mtu na "barua maalumu ya Zanzibar" ya kulipia, mpeni kikombe cha chai aende zake.

Na hizo dola 300. Hakuna faili. Ajenti wa kazi hii lazima awe na leseni ya FIBA, na majina ya wenye leseni yanatazamika na mtu yeyote kwenye tovuti yao. Mtafuteni dakika tano tu. Ajenti wa kweli hula asilimia ya kile alichokipata mchezaji, kwa hiyo hukasirika kijana akikosa kazi. NBA kwenyewe chama cha wachezaji hakiruhusu ajenti azidishe asilimia 4. Huyu wenu anataka theluthi ya mshahara wa mwezi kabla hajaleta hata karatasi moja, na ofa iliyopo hakuileta yeye. Sasa mnaona kwa nini anataka ikataliwe: ikisainiwa hii, yeye hana chake.

Tena hao hawaishii kwa watu wazima wa miaka 23. Wanazunguka viwanja vya skuli, Unguja na Pemba, wanatafuta warefu. Mzee anapewa karatasi ya uwakilishi ya miaka mitano au zaidi, kwa Kiingereza, anatia saini kwa heshima ya mgeni aliyekuja na mipira miwili na fulana. Miaka mitatu baadaye mtoto anapata nafasi halali, anatokea mtu na karatasi ile anadai fungu lake. Wengine huambiwa watasafiri kwa viza ya utalii, usajili watafanyiwa wakifika. FIBA wanazuia uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa hali maalumu zinazochunguzwa. Anayekwambia mtoto wako wa miaka 16 "atapenyezwa" anakwambia kwa ulimi wake kwamba anavunja kanuni, na akikwama huko ugenini si yeye atakayekwenda kumchukua. Wazazi, karatasi yoyote ya uwakilishi isomwe na mtu asiye na maslahi, iwe ya mwaka mmoja au miwili, na iwe na namna ya kuivunja. Msisaini pahala palipoachwa wazi. Hata kama mgeni ameletwa na jamaa, msisaini.

Mdogo wako anitumie ofa yote, pamoja na kurasa za nyuma zenye maandishi madogo, na mkataba wake wa Dar uliokwisha. Na kama huyo bwana ameshaichukua pasipoti yake kwa maelezo ya kuishughulikia viza, akaidai leo hii. Ofa ina mpaka mwisho wa mwezi, hilo la pasipoti halina kungoja.