Malipo yanasoma undefined, konsoli haina kosa: tatizo liko wapi?

Swali: Kaka, habari za kazi. Natengeneza ukurasa wa oda wa duka la vitenge hapa Kariakoo. Mteja wa Mbagala akiagiza, sehemu ya malipo inaandika undefined. Nikichungulia jumla kwenye konsoli, lile dirisha la kivinjari linaloonyesha makosa, nakuta NaN. Faili la risiti nalo lina jumla yake, ila namba zake zinabadilika zenyewe. Kosa jekundu sioni hata moja. Fanksheni yenyewe ni hii:

```
function hesabu(bei, nauli) {
  jumla = bei + nauli;
}
let malipo = hesabu(45000);
```

Jibu: Nzuri, mdogo wangu. Hapo yamefuatana matatizo matatu, na JavaScript imeyanyamazia yote.

Umeita hesabu ukaipa bei peke yake. Nauli ya bodaboda haikufika, na JavaScript haigombi kwa hilo: jina nauli lipo, thamani yake ni undefined, yaani haijapewa kitu. Ukijumlisha 45000 na undefined unapata NaN, yaani jibu lisilo namba. Halafu fanksheni yako haina return, neno la kurudisha jibu, na fanksheni isiyo na return hukuachia undefined. Kwa hiyo malipo na jumla zinaumwa magonjwa tofauti, usizitafutie dawa moja.

Wengi watakwambia uandike nauli = 0 pale kwenye mabano ya fanksheni. Mimi sikushauri kabisa. Mzigo utapelekwa Mbagala bure, na atakayeumia ni mwenye duka. Tena thamani hiyo ya akiba inashika pale tu penye undefined. Nauli ikitoka kwenye hifadhidata ikiwa null, yaani tupu, JavaScript inaihesabu kama sifuri, jumla inabaki 45000, na hata ile NaN ya kukushtua huioni. Afadhali oda isimame:

```
function hesabu(bei, nauli) {
  if (nauli == null) throw new Error('Nauli haipo');
  let jumla = bei + nauli;
  return jumla;
}
```

Hizo alama mbili za usawa nimeziweka makusudi, maana == inazikamata null na undefined kwa pamoja. Kwingine kote tumia ===.

Sasa risiti. Ukisoma jina ambalo halijatangazwa popote, JavaScript inasimama na kukupa ReferenceError. Ukiliandikia thamani, hali inageuka: inalitengeneza yenyewe kimyakimya na kuliweka kwenye window, kapu la kivinjari la majina ya ukurasa mzima, ambako kila faili la ukurasa huo linalifikia. Ndiyo maana mafaili yako mawili yanagombania jumla moja. Baada ya oda, andika window.jumla kwenye konsoli, utaikuta hapo. Kigeu, yaani jina linaloshika thamani, kikitangazwa kwa neno var nje ya fanksheni nacho huishia window. Cha let, iliyoingia 2015, hakiendi huko, ila ukitangaza let jumla nje ya fanksheni katika mafaili yote mawili, la pili litakataa kwa SyntaxError. Iache ndani kama nilivyoandika.

Kisha weka 'use strict', amri ya kuifanya JavaScript iwe kali, mstari wa kwanza wa kila faili. Ipo tangu toleo la JavaScript la 2009, na ikiwepo, kuandikia jina lisilotangazwa ni kosa papo hapo. Ukipakia faili kwa type="module", ukali huo unakuja wenyewe. Usishtuke konsoli ikijaa wekundu siku hiyo. Kila kosa linataja faili na mstari wake. Anza na faili la risiti, kwa sababu ndilo mteja analoondoka nalo.