Namba tisa wa bei mbaya

SWALI: Mwalimu, hapa kijiweni Majengo, Dodoma, tunabishana mpaka kahawa inapoa. Chelsea walimnunua mshambuliaji Lukaku mwaka 2021 kwa pauni milioni 97.5, akafunga mabao 8 tu ya ligi. Alichuja ghafla? Fundi viatu.

JIBU: Hakuchuja, ndugu yangu. Msimu uliotangulia aliifungia Inter ya Italia mabao 24 ya ligi, wakabeba ubingwa. Kule kocha Conte alimpa uwanja wa kukimbilia: mpira unamfikia mapema, beki yuko mgongoni, anageuka naye, mbele kweupe. Chelsea ya kocha Tuchel ilipasiana taratibu huku wapinzani wamejaa kwenye boksi lao. Akimbilie wapi? Dhidi ya Crystal Palace, Februari 2022, alicheza dakika zote 90 akagusa mpira mara 7. Iliniuma kumtazama.

Hata mimi, nikifundisha vijana hapa Dodoma, nilikuwa na kijana mwenye mbio nikamfungia kwenye pasi fupifupi. Mechi tatu, bao hakuna. Tulipoanza kumtupia mipira nyuma ya mabeki, akafunga.

Ila yale mahojiano ya Lukaku ya Desemba 2021, alipoulalamikia mfumo hadharani, nayo yalimharibia. Angemwendea kocha ofisini.