Riba rahisi kwenye aptitudi: wee ndugu wa Mbale, acha hiyo fomula kwanza

Wee ndugu wa Mbale, simama hapo hapo. Umeuliza vitu vitatu: fomula ya maswali ya riba rahisi (ile riba inayohesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo tu) kwenye aptitudi, yaani testi ya kuombea kazi, dakika ngapi umpe kila swali, na kama ununue kile kitabu cha maswali ya zamani. Halafu chini kabisa ukatuwekea mfano uliofanya mwenyewe, ati "mniangalizie tu". Nimeangalia. Mkopo 600,000, reti 15% kwa mwaka, muda miezi 8. Ukachukua 600,000 mara 15 mara 8 ukagawa kwa 100, ukapata riba 720,000, ukaweka na tiki ya kijani. Tiki ya kijani bwana!

Hebu iangalie hiyo namba. Mtu kakopa laki sita, miezi nane haijaisha vizuri anadaiwa riba ya laki saba na ishirini elfu, na mkopo wenyewe bado hajaurudisha. Hapo umemtoza 15% kila mwezi, ambayo kwa mwaka ni 180%. Serikali yetu ya Uganda mwaka 2024 iliwawekea wakopesha pesa kikomo cha 2.8% kwa mwezi, yaani 33.6% kwa mwaka, na wewe umewaruka wote, hata wale wanaobaki na kitambulisho chako na kadi ya ATM wangeona haya.

Mimi nacheka lakini hilo kosa limeninyima kazi, ndiyo maana nimeacha chai inapoa naandika. Ilikuwa nafasi ya msaidizi wa mahesabu, wilaya sitaitaja, na ile testi ilijaa riba, na karibu kila swali la riba lilikuwa na miezi. Nikazidisha kama wewe. Na kilichoniua ni kwamba kila jibu nililopata nililikuta pale kwenye opsheni, A au C limekaa linanisubiri, sasa utashtukaje? Nikamaliza kabla ya wenzangu, nikakaa natazama watu wanavyokuna vichwa, nikawahurumia kabisa. Nilipotoka nikampigia mjomba aanze kutafuta kuku. Kuku alipatikana, akaliwa, jina langu kwenye listi halikutoka, na mpaka leo nikienda kijijini kuna watu wananiuliza hesabu zinaendeleaje.

Sasa nikwambie aliyenifundisha. Jamaa mmoja wa kochingi, chumba cha ghorofani huko Wandegeya, Kampala, feni haizunguki, tumelipa hela yetu tumebanana kwenye mabenchi, yeye anaandika ubaoni P mara R mara T, yaani mtaji mara reti mara muda, gawa kwa 100, "hiyo tu, namba wamekupa, wewe ingiza". Dada mmoja akauliza, mwalimu, na wakitupa miezi? Akajibu ati T ni T. T ni T! Banange. Yule dada alitakiwa apewe yeye chaki. Halafu akatuuzia na vijitabu vya fotokopi ambavyo majibu ya nyuma yamefanywa kwa ujinga ule ule, kwa hiyo ukifanya zoezi nyumbani ukilinganisha unapata yote, unalala usingizi mtamu. Mtu kama huyo akikufundisha vibaya hata huwezi kujua, maana kosa na masahihisho yake vyote vimetoka mfuko mmoja. Na bado anafundisha, nilipita juzi nikaona kibao kimepakwa rangi mpya.

Kwa hiyo sikiliza. Kabla hujazidisha kitu chochote, angalia reti ni ya nini, ya mwaka au ya mwezi au ya robo mwaka, halafu angalia muda umetajwa kwa nini, na kama havifanani vifananishe KWANZA. Fomula itakungoja, haina pa kwenda. Chumba Kawempe ni 150,000 kwa mwezi, umekaa miaka miwili, utampelekea mwenye nyumba 300,000 ati kwa sababu 150,000 mara 2? Atakuita wazimu na vitu vyako vitakuwa nje. Mbona kwenye riba unafanya hivyo hivyo na unaweka tiki?

Mfano wako unavyotakiwa kwenda: 15% ya mwaka, gawa kwa 12, ni 1.25% kwa mwezi. Miezi 8 inakuwa 10%. Asilimia 10 ya 600,000 ni 60,000. Basi. Hata karatasi ya rafu huihitaji. Ukipenda fomula sana, muda ukiwa wa miezi na reti ya mwaka gawa kwa 1,200 badala ya 100, utatua pale pale. Ila mimi napenda njia ya asilimia kwa sababu ukifika kwenye "10%" unaweza kusimama sekunde moja ujiulize, 15% kwa mwaka mzima, miezi nane ikinipa 10%, inaingia akilini? Inaingia. Ukifika pale ukaona 120% hata usingizini unajua kuna kitu kimeharibika.

Na usifikiri anayetunga hizo opsheni anabahatisha namba. Kwa swali lako hilo hilo mimi ningeweka 60,000 ambayo ni sahihi, 90,000 ya yule aliyehesabu mwaka mzima akasahau miezi, 660,000 ya yule aliyejumlisha mkopo na riba wakati ameulizwa riba peke yake, na 720,000 yako wewe na mimi. Kila mtego una mtu wake. Kwa hiyo kukuta jibu lako kwenye listi si ushahidi wa kitu chochote, tafadhali, hilo likae kichwani kuliko hata fomula.

Kuna na ule upande wa pili ambao watu hawaufikirii, reti ya mwezi na muda wa miaka. Wanasema 2% kwa mwezi kwa mwaka mmoja na nusu. Mtu anaweka 2 mara 1.5 anapata 3%, anafurahi namba ni ndogo na nzuri. Kumbe ni miezi 18, asilimia 36. Robo mwaka hivyo hivyo, 3% kila robo ni 12% kwa mwaka. Soma mwisho wa sentensi, ile "p.a." (kwa mwaka) au "per month" (kwa mwezi) huwa imejificha baada ya asilimia, na macho yakishaona namba hayarudi nyuma, ndiyo shida.

Siku nazo: mwaka ni 365, na watungaji wanapenda sana 73 kwa sababu ni moja ya tano ya mwaka kamili, 146 ni mbili ya tano. 500,000 kwa 12% kwa siku 73: mwaka mzima ni 60,000, gawa kwa 5, ni 12,000. Wakikupa tarehe, mfano 5 Februari mpaka 19 Aprili, siku ya kuanza usiihesabu: 23 za Februari, 31 za Machi, 19 za Aprili, jumla 73, ukiona imetoka hivyo cheka tu. Ila mwaka mrefu kama 2024 Februari ina 29, inakuwa 74.

Yale ya "pesa itajirudia mara mbili lini" ni 100 gawa kwa reti, 8% ni miaka 12 na nusu. Wakikupa jumla ya mtaji na riba kwa vipindi viwili tofauti, mfano 690,000 baada ya miaka 3 na 750,000 baada ya miaka 5, tofauti ni riba ya miaka 2, kwa hiyo mwaka mmoja ni 30,000, miaka mitatu 90,000, mtaji 600,000, reti 5%. Hayo hayajawahi kumuua mtu. Miezi ndiyo inaua.

Sasa fanya hili, na usiangalie popote: 900,000, reti 2% kwa mwezi, miaka miwili na nusu, riba ni ngapi? Weka jibu hapa chini na hatua zako zote. Ukiniletea 45,000 nitapanda basi nije Mbale mwenyewe, na nauli utarudisha wewe.