Jiwe lina maandishi, yasome kabla hujawasha grainda

Kuna kijana kanitumia meseji juzi, anasema jiwe la grainda yake ya mezani halili. Ananoa tulo ya leithi, kile kisu cha mashine ya kuchonga chuma kinachozunguka, yenye ncha ya kabaidi, madini magumu kuliko chuma, anakandamiza mpaka mkono unauma, jiwe linang'aa kama kioo na ncha bado butu vilevile. Anauliza abadilishe mashine? Hapana mdogo wangu, mashine haina shida. Umefunga jiwe lisilo la kazi hiyo na jibu lako limeandikwa ubavuni mwa jiwe lenyewe.

Hili swali linanigusa sana maana nimelipigania. Karakana niliyoanzia kazi, kwa msimamizi wetu jiwe ni jiwe tu, la kijivu, basi, na ukimwambia kazi haiendi anakujibu neno moja, kandamiza. Nikamuonyesha ile karatasi ya duara iliyobandikwa kwenye jiwe, nikamwambia hii A ya mwanzo ni aluminiamu oksidi, ni ya chuma cha kawaida, kabaidi ni ngumu mno inataka silikoni kabaidi, lile jiwe la kijani lililoandikwa GC, au almasi kabisa. Akanicheka mbele ya watu, eti hapa tunasaga hatusomi. Kile kicheko sijakisahau mpaka leo. Nikanunua jiwe la kijani kwa hela yangu, ncha zikaanza kutoka kali, wenzangu wakawa wananiletea za kwao kimyakimya, na mwishowe za msimamizi nazo zikaletwa, ila alimtuma mtu. Najivunia hilo na sitaacha kulisema.

Sasa someni na nyie. Chukua jiwe limeandikwa A 60 K 5 V. A ni aina ya chembe zinazokata. 60 ni ukubwa wa chembe, namba ikiwa ndogo chembe ni kubwa, kwa hiyo 24 inakwangua kwa nguvu na 120 inaacha uso laini. 5 ni nafasi kati ya chembe na chembe, na V ni gundi ya aina ya kauri, wakati diski za grainda ya mkono utakuta BF, yaani resini iliyotiwa nyuzi ndani isipasuke ovyo.

Hiyo K ndo inayowapoteza mafundi wengi. Hiyo ni herufi ya ugumu wa jiwe, na kwenye nafasi hiyo herufi zinaanzia A, laini kabisa, mpaka Z, gumu kabisa, na ugumu unaosemwa hapo sio wa chembe, ni jinsi gundi ilivyozishika. Kwa hiyo chuma kigumu kinataka jiwe laini! Watu wanabisha sana hapa lakini fikiria, chuma kigumu kinachosha chembe haraka, sasa gundi ikiwa laini ile chembe iliyochoka inang'oka, mpya inatokea na kazi inaendelea, gundi ikiwa ngumu chembe butu zinabaki palepale zinasugua, zinatoa moto tu na chuma kinabadilika rangi. Chuma laini ndo unakiwekea jiwe gumu lisiishe haraka. Na jiwe likishang'aa usiongeze nguvu, lipitishe dresa, kile kifaa cha kukwangua uso wa jiwe, lichubuke juu upate chembe mpya. Aluminiamu usiipeleke kabisa kwenye jiwe la kawaida, inaziba matundu yote. Na wewe wa kabaidi vaa maski, lile vumbi lina kobalti na mapafu huwezi kununua mengine.

Kingine mnachoruka ni spidi. Diski ya milimita 115 huwa imeandikwa mwisho mizunguko 13,300 kwa dakika, ya 230 ni 6,600, zote mbili ukingo wake unafika mita 80 kwa sekunde. Sasa kuna watu wanatoa kava ya grainda ndogo inayozunguka 11,000 wanafunga diski ya 230 ili ikate ndani zaidi, hapo ukingo unapita mita 130 kwa sekunde na hakuna kitu kati ya uso wako na hiyo diski. Mimi nikikuta mtu anafanya hivyo nachomoa waya ukutani, hata kama karakana sio yangu, na atakayenuna anune.