Maswali ya Wasomaji: Bima ya Baiskeli Uingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Naishi London kwenye jengo la ghorofa. Nimenunua baiskeli ya pauni 1,200, na usiku huwa naifunga kwenye reli ya ngazi, korido ya chini tunayotumia wapangaji wote. Nina bima ya vitu vya nyumbani. Inatosha, au nikate bima ya baiskeli peke yake?

JIBU: Ndugu msomaji, chukua kwanza hati ya bima uliyo nayo. Angalia kikomo cha fidia kwa kitu kimoja. Kikiwa chini ya pauni 1,200 na baiskeli haikuandikwa kwa jina lake kwenye hati, hutalipwa zaidi ya kikomo hicho. Kisha angalia kama ulilipia kinga ya vitu vikiwa nje ya nyumba. Hiyo mara nyingi ni nyongeza, na asiyeilipia hapati kitu baiskeli ikiibwa stesheni au kazini. Tatizo lako kubwa ni ile korido. Mikataba mingi huhesabu kwamba nyumba yako inaanzia kwenye mlango wa flati yako, hivyo korido ya pamoja huchukuliwa kama nje. Waandikie kampuni, waulize waziwazi kuhusu korido, na jibu lao ulihifadhi kwa maandishi.

Ukiamua kukata bima ya baiskeli, anza na kifungu cha kufuli, bei utaitazama baadaye. Madai mengi ya wizi hukwama hapo. Kampuni nyingi Uingereza hudai kufuli lililopimwa na Sold Secure, shirika la kupima ubora wa kufuli, ambao madaraja yao ni Bronze, Silver, Gold na Diamond, na kadiri baiskeli inavyopanda thamani ndivyo daraja linalotakiwa linavyopanda. Kwa baiskeli ya pauni 1,200, nunua kufuli la chuma la umbo la U. Waya wa kuzungusha hukatwa kwa mkasi wa chuma kwa sekunde chache, na kampuni nyingi haziutambui.

Namna ya kufunga nayo ina masharti yake. Kufuli lipite kwenye fremu yenyewe, pamoja na gurudumu la nyuma ikiwezekana, na lishike kitu kilichochimbiwa ardhini au kufungwa ukutani. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, mwizi analifungua kwa mkono na kuondoka na kilichobaki. Nguzo fupi ya alama za barabarani nayo haifai, maana baiskeli huinuliwa na kupitishwa juu pamoja na kufuli lake. Usiache nafasi kubwa ndani ya kufuli, kwa sababu hapo ndipo mtaimbo huingizwa. Soma pia kuhusu muda: baadhi ya mikataba huhesabu kwamba umeitelekeza baiskeli ikikaa mahali pamoja zaidi ya saa kadhaa, mara nyingi 24.

Leo hii, kabla hata ya kulipa, pindua baiskeli uandike namba ya fremu. Kwa kawaida imegongwa chini, pale mikono ya pedali inapopita. Ipige picha, isajili BikeRegister, daftari la mtandaoni la baiskeli, kisha weka pamoja risiti ya baiskeli na ya kufuli. Funguo za akiba zitunze. Kuna kampuni zinazoomba funguo zote. Ikiibwa, ripoti polisi kwa simu 101 au mtandaoni, maana bila namba ya kesi madai hayasogei.

Usitaje thamani ndogo ili ada ishuke. Ukiikatia bima ya pauni 800 badala ya 1,200, mikataba mingi hulipa kwa uwiano huohuo wa theluthi mbili. Matengenezo ya pauni 300 yatahesabiwa 200, na ikikatwa sehemu unayobeba mwenyewe, tuseme pauni 50, unabaki na 150.

SWALI: Nilianguka kwenye barafu, gia zinaruka na fremu ya kaboni ina mkwaruzo. Nidai?

JIBU: Pole sana. Mpelekee fundi kabla ya kudai. Ukiangukia upande wa kulia, mara nyingi kinachopinda ni kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadili gia cha nyuma. Kimetengenezwa hivyo makusudi ili fremu ipone. Kukibadilisha mara nyingi ni nafuu kuliko kiasi utakachokatwa, na dai dogo huweza kukupandishia ada mwaka unaofuata. Fremu ndiyo ya kuitilia maanani. Kaboni hupasuka kwa ndani huku juu ikionyesha mkwaruzo tu, kwa hiyo usiiendeshe mpaka ikaguliwe. Fundi akikuta ufa, dai kama uharibifu wa ajali: peleka picha na makadirio yake ya maandishi, na usitengeneze wala kutupa kipande chochote kabla kampuni haijakubali. Mkwaruzo wa rangi peke yake haulipwi na kampuni nyingi, wala mnyororo, tairi na pedi za breki zilizokwisha kwa uchakavu.

Ukikataliwa, lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe. Wana wiki 8 za kukujibu. Jibu lao la mwisho lisipokuridhisha, una miezi 6 ya kulipeleka lalamiko kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa migogoro kati ya wateja na kampuni za fedha na bima, na huduma hiyo ni bure.

SWALI: Napeleka chakula kwa baiskeli ya umeme. Bima ya kawaida inanihusu?

JIBU: Mara nyingi hapana. Bima ya matumizi binafsi huondoa kazi ya kulipwa, hivyo omba ya biashara na utaje kazi yenyewe. Angalia na mota pia: isizidi wati 250, na iache kusaidia mwendo ukifika maili 15.5 kwa saa. Ikizidi hapo, sheria inaihesabu kama chombo cha moto kinachohitaji usajili, leseni na bima yake, na ile ya baiskeli haitakulipa.